Tukimtafuta Paker Barabara ya Magadi

Wenzangu wa chama, niliwaahidi picha za Ziwa Magadi na najua bado mnazingoja. Sina. Hatukufika Magadi. Simu ilikuwa na chaji ya kutosha, kwa hivyo sitaisingizia. Tuliishia Oltepesi, mimi na Baba na kondoo jike mmoja, na mkinivumilia nitawaeleza jinsi watu wanavyoweza kutoka nyumbani alfajiri wakiwa wageni wa heshima, wakafika mchana wakiitwa wezi wa mifugo.

Safari yenyewe ilikuwa ya Baba. Tangu mvua za masika alikuwa na donge moyoni. Ana rafiki wa miaka mingi, Mmaasai wa huko chini Oltepesi, ambaye sisi watoto tumemjua kwa jina moja tu, Paker. Simu ya Paker ilikuwa imezimwa. Baba alimpigia akitoka kanisani, alimpigia akiwa mezani kijiko kikiwa mkononi, alimpigia akiwa kitandani. Yule mwanamke wa simu alipomwambia kwamba mteja hapatikani, Baba alimjibu, "Sijakuuliza wewe."

Mwishowe akaniambia, "Maitu, nipeleke nimwone. Kama ameenda, nataka kujua wamemlaza wapi."

Ananiita Maitu, yaani mama, kwa sababu mimi ndiye niliyepewa jina la mama yake. Mtu mzima akikuita mama kwa sauti ile, utamkatalia vipi? Yeye mwenyewe haendeshi tena. Daktari alishamwondoa kwenye usukani. Nikafunga duka langu la mapazia, nikajiambia kwamba tukishamwona mzee nitaunganisha hadi Magadi nikaone ziwa.

Kitengela hadi Isinya

Nilitoka nje nikamkuta Baba amesimama kando ya gari, amemshika kondoo mwekundu kwa shingo.

"Huyo naye anaenda wapi?" nikauliza.

"Mtu haendi kwa Paker mikono mitupu," akasema. "Na huyu ako na mimba, kwa hivyo chunga mashimo."

Tukakunja kiti cha nyuma, tukatandaza magunia na nyasi kavu, na kondoo akapanda bila ubishi. Kwetu kondoo wote wamekatwa masikio: la kushoto halina ncha, la kulia lina pengo upande wa chini, mfano wa jino lililong'oka. Kila mwanakondoo akizaliwa, Baba humkata vivyo hivyo. Mama alipokuwa hai alimwambia kila mara kwamba anawatesa bure, kwa kuwa kondoo walio ndani ya ukuta hawahitaji alama. Baba alimjibu, "Hawa si wangu. Mimi nawalishia mwenyewe tu." Nilidhani ni maneno ya wazee.

Giza lilikuwa bado halijaondoka vizuri tulipoingia barabara ya Namanga. Malori yalikuwa yakitangulia na taa zao nyekundu, na mimi, ambaye kawaida saa hizo nabishana na mto wangu, nilikuwa sijui kama nimeamka kweli au bado naota. Baada ya Kisaju kuta na mabango ya kuuza ploti vilianza kupungua. Kisha ukingo wa mbingu ukaanza kugeuka rangi. Mnajua mimi ni mtu wa vitambaa. Niliona kijivu, halafu ile zambarau ya maua ya jakaranda, halafu rangi ya pichi ambayo wateja huniuliza na mimi huwaambia haipatikani. Kumbe inapatikana, ila haiuzwi.

Isinya tulisimama kwa chai na maandazi. Mwenye hoteli alichungulia dirishani akaona kondoo, akasema, "Leo mmebeba nyama ikiwa hai." Baba hakucheka. Alimpa kondoo kipande cha andazi lake, akamfuta kinywa kwa kitambaa chake cha mfukoni.

Isinya hadi Kiserian

Hii ndiyo barabara ninayoipenda kuliko zote. Inaenda tu. Upande huu nyasi, upande ule nyasi, na mbele kabisa Vilima vya Ngong vimelala kwa rangi ya buluu, na mitambo ile ya upepo juu yake ikizungusha mikono polepole. Unaendesha, unaendesha, na vilima havisogei. Vivuli vya mawingu vilikuwa vikivuka lami mbele yetu, tukiingia kwenye kivuli na kutoka, kuingia na kutoka, hadi nikasahau kuangalia mwendo. Nyuma yangu kondoo alikuwa akitafuna na kupumua kwa utaratibu, na Baba alikuwa akiimba wimbo wa kanisani bila maneno.

Akaanza kunisimulia, ingawa sikumwuliza. Alipohamia Kitengela kutoka Murang'a hapakuwa na ukuta hata mmoja. Palikuwa na nyumba yake ya mabati, tangi la mawe, na mgunga mmoja mkubwa. Mwaka wa ukame akaja mtu na mifugo iliyokonda, anatafuta nyasi. Baba akamfungulia tangi. Mtu yule alikaa pale hadi mvua iliponyesha, na siku ya kuondoka akachagua kondoo jike kati ya wale wachache waliobaki hai, akamkabidhi.

"Nilikataa," Baba akasema. "Nikamwambia, wewe ndiye umeishiwa. Akanishika mkono, akaniambia nisimwaibishe."

Tulipofika Kiserian nilimwacha Baba garini, nikaenda sokoni kuulizia. Niliona ni akili sana. Oltepesi ni kubwa kwa mtu asiyeijua, na wafanyabiashara wa mifugo wa Kiserian wanajua kila boma hadi mpakani. Nikamsalimu mzee mmoja aliyekuwa akiuza mbuzi.

"Supa, mzee."

"Ipa. Unataka beberu?"

"Hapana. Natafuta mzee wa Oltepesi anaitwa Paker."

Akanitazama. "Paker wa nani?"

Nikadhani ananiuliza ukoo. "Sijui ukoo wake. Ni rafiki ya Baba."

"Basi ni Paker ya baba yako," akasema. "Si umuulize yeye?"

"Yeye ndiye amenituma."

Mzee akawaita wenzake, akawaambia jambo kwa Kimaasai, wakacheka hadi mmoja akaegemea mbuzi. Mwingine akaniambia, "Mimi pia ni Paker. Huyu ni Paker. Yule wa kofia ni Paker ya watu wawili. Unataka nani?" Nilirudi garini uso ukiniwaka.

Kona Baridi

Barabara ilipanda bega la vilima, na ghafla ukungu ukatufunika. Niliwasha taa, nikatambaa. Miti ilikuwa ikijitokeza mmoja mmoja, ikitutazama, kisha ikafutika. Kona Baridi haikupewa jina kwa utani. Nilipofungua mlango upepo uliniingia hadi kwenye mifupa. Tulisimama kwenye kibanda cha mabati ambapo mama mmoja alikuwa akikaanga chapati, na moshi wake na ukungu vilikuwa vimechanganyika hata usijue kipi ni kipi. Tukaketi tukiwa tumekumbatia vikombe. Nikamweleza Baba aibu ya Kiserian.

Alicheka taratibu, mabega yakitikisika. Kisha akanieleza, na nawaandikia kama alivyosema kwa sababu mimi, mwenye miaka yote hii Kajiado, sikulijua.

"Paker si jina ya mtu, Maitu. Mkipeana kondoo na mtu, kuanzia siku hiyo yeye anakuita Paker na wewe unamwita Paker. Wakipeana ng'ombe wanaitana ingine. Ile jina ulikuwa nayo mnaiweka chini. Ukimwita nayo tena ni kama umesahau kondoo."

"Sawa. Kwa hivyo jina lake halisi ni nani?"

Baba akapuliza chai. Akapuliza tena, na ilikuwa imeshapoa.

"Baba?"

"Alinipa kondoo kabla sijamuuliza."

Nikaweka kikombe chini. Huyu ni baba yangu, mtu anayejua majina ya wajukuu wa majirani, na tulikuwa tumetoka Kitengela kumtafuta mtu asiyemjua jina, katika nchi ambayo kila mzee ni Paker. Bomani kwake Baba hakuwahi kufika; walikuwa wakikutana Kiserian siku za soko, hadi miguu ya Baba ilipoanza kugoma, kisha ikabaki simu. Nilitaka kukasirika. Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kukasirika. Lakini nilimwona anavyotazama ukungu, macho yamejaa maji, akasema kwa sauti ya chini, "Sikujua kuna siku nitaihitaji." Nikamwagizia chapati nyingine, na furushi la kubeba.

Ndipo ukungu ukafunguka. Haukuondoka wote, ulipasuka mahali pamoja tu, na chini yetu, mbali sana, tukaona Bonde la Ufa likiwa na jua lake lenyewe, la dhahabu, na milima midogo iliyotawanyika huku na huku, na vumbi likisimama wima na kutembea peke yake. Yule mama wa chapati naye alisimama na mwiko mkononi akatazama, na yeye hukaa pale kila siku.  Nilisahau hata kupiga picha, kwa hivyo na hiyo msiniulize.

Kuteremka

Ukiteremka kutoka Kona Baridi masikio huziba, na unavua nguo kidogo kidogo. Kwanza nilivua koti, baadaye sweta. Baba alivua kofia yake ya sufu, jambo ambalo halijaonekana tangu mazishi ya Mama. Barabara ilizunguka, ikashuka, ikazunguka, na kila kona ilitufungulia bonde jingine, kana kwamba tunashuka ngazi za nyumba isiyo na sakafu. Joto lilipanda kutuchukua. Miiba ilikuwa myeupe kandokando ya lami, na mbuzi walisimama kwa miguu ya nyuma wakila majani ya juu.

Nilikuwa katika hali ile ya mtu aliyesinzia macho wazi. Niliona wanaume wawili waliovaa shuka nyekundu wakitembea mbali na barabara, mahali pasipo na kitu mbele wala nyuma, na nikawaonea wivu kwa kujua waendako. Nilifikiri: tutafika, tutanunua soda, Baba atatazama huku na huku, tutarudi. Nilianza kutunga maneno ya kumfariji. Nilimpenda sana mzee wangu saa ile, na nilimhurumia.

Oltepesi

Kituo chenyewe ni maduka ya pande mbili na jua katikati. Kondoo alikuwa akihema kwa joto, kwa hivyo nilifungua mlango wa nyuma nimpe maji. Hakungoja maji. Aliruka chini na tumbo lake lote, akavuka barabara, akasimama kwenye kivuli cha mama mmoja aliyekuwa akiuza maziwa. Baadaye nilijua anaitwa Mama Naserian.

Mama Naserian alimtazama kondoo. Akamshika sikio la kushoto, akamshika la kulia, akapitisha kidole kwenye lile pengo. Kisha akanitazama mimi, na macho yake hayakuwa ya kuuza maziwa.

"Hii kondoo mmetoa wapi?"

"Kitengela," nikasema, kwa majivuno kidogo.

"Kitengela haina hii alama. Hii ni ya boma iko hapa nyuma ya kilima. Hii kondoo ni ya wenyewe."

"Ni yetu. Imezaliwa kwetu."

"Imezaliwa kwenu na masikio ya watu?"

Akapaza sauti kwa Kimaasai. Kabla sijamaliza kufunga mlango palikuwa na wanaume wenye fimbo mbele ya gari na bodaboda mbili nyuma yake. Vijana wakachungulia ndani, wakaona magunia na nyasi, wakatingisha vichwa. Nilieleza, nikaeleza tena, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mwizi. Mmoja akauliza, "Sasa hata wamama wanaiba na Probox?" Wenzake wakamcheka, lakini fimbo hazikushuka.

Ndipo mlango wa upande wa pili ukafunguka na Baba akatoka. Mkongojo aliuacha garini. Alipita katikati ya wale vijana akitetemeka, akaenda moja kwa moja kwa Mama Naserian.

"Unajua mwenye hii alama?"

"Namjua sana."

"Ako hai?"

Mama Naserian akarudi nyuma hatua moja, akashika kiuno. "Mnasikia huyu mzee? Ameiba kondoo halafu anauliza kama mwenyewe amekufa! Ako hai! Ako hai na macho yake anaona! Twende umwambie wewe mwenyewe!"

Baba akaketi pale pale kwenye ngazi ya duka. Akafunika uso kwa mikono miwili. "Ako hai," akasema. "Maitu, umesikia? Ako hai." Alikuwa akilia na kucheka, na wale vijana walitazamana, kwa sababu pengine hawajawahi kuona mwizi akifurahi namna ile kupelekwa kwa mwenye mali.

Bomani

Tulitoka kwenye lami kama msafara wa harusi: bodaboda moja mbele, nyingine nyuma, vumbi katikati. Mama Naserian alikuwa amekaa nyuma kwenye magunia, amemshika kondoo sikio njia nzima, tusije tukatoroka. Mawe yaligonga tumbo la gari na kila jiwe likigonga Baba alisema, "Polepole, ako na mimba."

Mzee mmoja mrefu, mwembamba, alikuwa akirekebisha ua wa miiba. Aligeuka akaona umati. Hakututazama sisi kwanza. Alimtazama kondoo, akamjia, akagusa sikio moja, akagusa la pili, akapapasa tumbo.

"Atazaa wawili," akasema. Kisha akainua macho. "Paker."

"Paker," Baba akajibu.

Wakashikana mikono na hawakuachana tena. Walisimama hivyo, wazee wawili kwenye jua, mmoja na shuka, mwingine na koti la kanisani, wakitikisana mikono polepole. Mama Naserian aliachia sikio la kondoo. "Kumbe ni Paker!" akanifokea. "Si ungesema!" Nilimwambia kwamba asubuhi nzima nilikuwa nikisema, na nilichekwa. Akacheka na yeye, akanishika bega, akaenda kunitafutia kiti.

Tulipewa chai ya maziwa matupu yenye harufu ya moshi wa kibuyu, na chapati za Kona Baridi zikagawanywa hadi kwa watu wa bodaboda. Paker alieleza kwamba simu yake ilianguka kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, ikafa na namba zote.

"Sasa si ungekuja?" Baba akasema kwa utani.

"Nilikuja."

Baba akaweka kikombe.

"Nilikuja Kitengela," Paker akasema. "Nilitafuta mti, haiko. Tangi, haiko. Ni maukuta tu na mageti, zote nyeusi. Nikiuliza watu Paker anakaa wapi, wananiuliza jina. Sasa jina nitatoa wapi? Nikafika geti moja nikasikia kondoo inalia ndani. Nikasema hii sauti naijua. Nikabisha. Mbwa ikalia. Nikabisha sana, hakuna mtu alifungua. Nikaenda."

"Ilikuwa siku gani?"

"Jumapili. Nilisikia makanisa ikiimba."

Nilitazama chini. Mtaa wetu wote, ni sisi tu wenye kondoo. Baba alifukuza nzi waliotua kwenye kikombe chake. Aliposema, sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Nilikuwa kanisa, Paker. Nilikuwa nakuombea wewe."

 Paker alimmiminia chai, ingawa kikombe kilikuwa bado kimejaa, na Baba akaiacha imwagike.

Kurudi

Tuliondoka jua likiwa limelegea. Kondoo alibaki, hakutuaga hata kidogo. Nilichukua namba mpya ya simu na nikafungua kinywa kuuliza niandike jina gani. Wazee wote wawili wakanitazama. Nikaandika Paker.

Tulipanda tukiwa na kibuyu cha maziwa ya mgando kati ya miguu ya Baba, na bonde likawa linazimika nyuma yetu, buluu juu ya buluu. Ziwa niliona kama nimeliona. Kona Baridi ukungu ulitupokea tena, na Baba akavaa kofia yake. Nilidhani amelala. Tulipokaribia Kiserian akasema, "Tulijenga ukuta mzuri sana, Maitu." 

Sasa lile swali lenu la pili, la geti letu. Wengine mmeuliza kama tumefungua bucha, na mmoja wenu, nimesikia, amesema ni mambo ya giza. Si hivyo. Asubuhi iliyofuata Baba alimwita fundi wa rangi afute yale maneno MBWA KALI kwenye geti. Fundi akafuta, akauliza aandike nini mahali pake. Baba akamwambia asiandike chochote, kwa sababu mgeni wake hasomi. Akamletea kondoo mmoja amshike kichwa, aige masikio vizuri, la kushoto bila ncha, la kulia na pengo. Fundi aliyachora makubwa, meupe, yanaonekana kutoka barabarani.

Mbwa amehamishiwa nyuma ya nyumba. Na Jumapili tukienda kanisani, geti tunaliacha wazi.